Kidole cha Hajra

"Fungua simu."

"Sifungui."

Mkaguzi Msaidizi Herieth aliisukuma ile simu juu ya meza mpaka ikagusa mkono wa muuguzi. Simu ya kawaida tu, kioo kimepasuka kwenye kona, kava lake la maua limechakaa. Hajra aliuvuta mkono wake akauficha mapajani.

"Dada Hajra, nakuuliza kwa upole na upole wangu unaisha. Swaumu ana miaka kumi na mitano. Yuko kidato cha pili. Baba yake anasema aliaga Jumapili kule kwao Vihingo, anarudi shule. Shangazi yake hapa Misugusugu kamsubiri mpaka ugali umepoa. Hakufika. Watu wamemwona akiingia zahanati kwako. Baada ya hapo, kimya. Wewe ndiye wa mwisho."

"Alikuja. Hilo sijalificha."

"Akaenda wapi?"

Hajra alitazama dirisha.

"Mlikuwa mnaandikiana," Herieth alisema. "Shangazi mtu anasema huyo mtoto hapitishi siku bila kukuandikia. Kwa hiyo humu ndani kuna jibu. Nataka kulisoma."

"Humu ndani kuna wanawake wengi, afande. Kuna anayemeza dawa na mumewe hajui. Kuna mke wa askari wa kituo hikihiki. Waliniandikia mimi. Hawakuwaandikia polisi."

"Ya hao siyataki. Nataka ya Swaumu tu."

"Nikikufungulia mlango wa nyumba, utapita chumba kimoja?"

Herieth alipiga meza kwa kiganja. Konstebo Evaline, aliyekuwa anaingia na chupa ya maji, alisita mlangoni.

"Mtoto wa watu anaweza kuwa amelala shimoni sasa hivi! Wewe unanilindia siri za vidonge! Mimi nina mtoto wa miezi saba. Siku akipotea, halafu nimkute mtu ameikumbatia simu yenye jibu namna hii, nitamvunja mikono."

"Na mimi nitakusaidia kuivunja," Hajra alisema. Sauti yake haikupanda. "Afande, nenda Vihingo kwanza. Kaa kwenye mkeka wao. Kunywa maji yao. Ukirudi, niulize tena."

"Unanipangia upelelezi?"

"Nakuomba."

Herieth alichukua simu, akatoka na hasira zake hadi kwenye korido.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Mzee Saburi, baba yake Swaumu, kofia yake ya kitambaa ameikunja mkononi. Alisimama haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Amesema?"

"Bado. Nikuulize tena kidogo. Siku anaondoka, alivaa nini?"

"Sare ya shule. Sketi ya bluu, shati jeupe."

"Alibeba nini?"

"Begi lake la madaftari." Mzee alijifuta jicho kwa kofia. "Nina watoto watatu, mwanangu. Wa kike ni huyo mmoja tu. Ifungueni hiyo simu. Yule mwanamke ni mwizi wa watoto, nawaambia."

Mlango wa ofisi ya mwisho ulifunguliwa. Mrakibu Deogratias, mkuu wa upelelezi wa wilaya, alikuwa mtu mrefu anayeongea kama anayehutubia hata akiwa na msikilizaji mmoja.

"Ingia, Herieth. Hivi tunambembeleza? Askari anambembeleza mtuhumiwa?"

"Anasema simu ina siri za wagonjwa, afande."

"Kila mtu ana siri siku hizi. Ujumbe unafungwa kwa mtumaji, unafunguliwa kwa mpokeaji, katikati hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Wataalamu wanaita usimbaji fiche. Mimi naita kichaka. Tapeli yumo, jambazi yumo, na sasa wezi wa watoto wamo. Serikali gani inalala usingizi wakati kuna mlango haiwezi kuufungua?"

Siku nyingine Herieth angembishia. Leo alikuwa na picha ya mtoto shimoni. Alichukua karatasi, akaandika ombi la kukagua simu ya Hajra, akaongeza mistari miwili chini: usomwe ujumbe wa Swaumu peke yake, na yeye mwombaji awepo. Akatia saini. Akaiweka simu juu ya karatasi.

"Naenda Vihingo kuangalia nyumbani kwao. Nikirudi tunafungua pamoja, afande."

"Nenda. Haiendi popote hii."

*

Koplo Sadick aliendesha gari mikono miwili kwenye usukani, maana barabara ya Kisarawe ndani ndani haitaki mzaha. Walipita mikorosho, wakapita pori, wakapita mafungu ya mkaa yaliyopangwa kando kando yakisubiri mnunuzi. Sadick alikuwa mwenyeji wa upande huo.

"Huku kwenu hakuna mtandao kabisa?" Herieth aliuliza, ameinua simu yake juu kama anayekinga mvua.

"Upo, afande. Ila unataka upande kichuguu."

Nyumba ya Mzee Saburi ilikuwa ya tofali za udongo, bati jipya, uwanja umefagiwa. Mama yake Swaumu, aliyeitwa Mama Salama kwa jina lake mwenyewe, alitandika mkeka, akaleta maji kwenye kikombe cha bati. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Herieth akanywa, akasubiri salamu ziishe zote, maana huku ukizikata salamu umekata na mazungumzo.

"Mama, naomba nione chumba anacholala Swaumu."

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo na kidirisha kidogo kilichopigiliwa ubao kwa nje. Misumari ilikuwa mipya, bado inang'aa. Ukutani, kwenye mti wa kutundikia nguo, ilikuwapo sketi ya bluu na shati jeupe. Chini yake, begi la madaftari.

Herieth aliigusa ile sketi. Ilikuwa imefuliwa na kunyooshwa.

"Ana sare ngapi, mama?"

"Moja tu, mwanangu. Ile ya kwanza ilishambana." Mama Salama alisema hivyo, halafu akafunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Baba yake ameniambia ameondoka na sare. Na begi."

"Labda amesahau. Ni utu uzima."

"Na dirisha? Limepigiliwa lini?"

"Mwizi. Kulikuwa na mwizi."

"Mwizi aliyetaka kuiba ndoo?"

Walirudi nje mkekani. Herieth akaanza upya, polepole, siku kwa siku, nani alikuja, nani aliondoka. Mama Salama alikuwa katikati ya neno pikipiki ilipokata kona na kuingia uwanjani.

Kilichofuata kilikuwa cha ajabu. Mama Salama alinyanyuka kama aliyechomwa mwiba. Kanga akaivuta mpaka usoni, akainama, akazunguka nyuma ya nyumba karibu kukimbia, kikombe amekipiga teke, maji yakimwagika. Hakuaga. Hakugeuka.

Naye mwenye pikipiki aliizima mbali, huko kwenye mkorosho wa mwisho. Mtu wa makamo, shati la mistari, viatu vyeusi vimejaa vumbi la mkaa. Badala ya kuja alichuchumaa palepale, uso ameuelekeza porini, akabisha hodi kwa sauti ya chini.

"Nani huyo?" Herieth alimuuliza Sadick.

"Anaitwa Abdala. Mfanyabiashara wa mkaa. Mzee Saburi alisema kule kituoni ni jirani yake, anamsaidia kutafuta."

Herieth alitazama kikombe kilichobingirika. Akatazama ule mgongo uliochuchumaa.

"Sadick. Wewe ukikutana na mama mkwe wako njiani, unafanyaje?"

"Naingia kichakani, afande. Hata kama kuna chatu humo, bora chatu."

"Na jirani yako wa kike?"

"Jirani namtania, namwomba chumvi..." Sadick alinyamaza. Alimgeukia Abdala, akageukia kona ya nyumba. "Haa! Afande!"

"Binti wao ni mmoja tu," Herieth alisema. "Basi huyu ni mkwe kwa binti gani?"

Alivaa viatu, akavuka uwanja.

"Bwana Abdala, habari. Njoo ukae mkekani."

"Hapa panatosha, afande."

"Wewe ni nani kwa nyumba hii?"

"Jirani."

"Vizuri. Mama Salama naye nitamwita, tukae wote watatu mkeka mmoja. Nataka maneno yenu niyasikie pamoja."

Abdala alikwangua ardhi kwa kijiti. "Haitawezekana."

"Kwa nini? Jirani na jirani?"

"Afande, uliza lingine."

"Sina lingine. Kaa naye mkeka mmoja, mtazame usoni, sema 'habari za asubuhi jirani.' Ukiweza, napanda gari naondoka."

Kutoka nyuma ya nyumba sauti ya Mama Salama ilipasuka kilio. "Usinifanyie hivyo, mwanangu! Utaniua kwa aibu! Muulize baba yake, usinitie aibu na mkwe wangu!"

Walikuwa wamelidanganya jeshi zima la polisi na hawakutetemeka. Ila kukaa mkeka mmoja na mkwe, hilo halikuwezekana hata kwa kusingizia.

"Mmemwoza mwanafunzi," Herieth alisema.

"Bado," Abdala alisema. "Ilikuwa iwe Ijumaa."

"Mkamfungia ndani. Akatoroka na nguo aliyolala nayo. Mkamwendea nani? Polisi! Mkaja kwangu mimi mnilizie, mniambie kaibwa, ili mimi nikamtafute, nimkamate, niwaletee kama mbuzi!" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka kuku wakatawanyika. "Na mimi nikaandika ombi. Kwa mkono wangu huu."

Simu ya Abdala ililia. Kasimu kadogo ka vitufe, laini ya kampuni nyingine inayoshika hata huku, sauti yake kubwa kuliko kenyewe. Aliipokea kabla hajafikiri, na Mzee Saburi akasikika mpaka kwa Sadick:

"Amepatikana! Polisi wameifungua ile simu. Yuko Mbwawa, kwa mwanamke mmoja wa kanisa la kigangoni, Redempta. Wamenitajia mpaka rangi ya geti. Mimi natangulia na bodaboda. Wewe njoo na kamba."

Sadick alikuwa ameshachomoa ufunguo wa pikipiki. Herieth akaichukua ile simu mkononi mwa Abdala bila kuomba, akaikata.

"Mfunge pingu. Twende."

*

Sadick alisimamisha gari penye kichuguu. Herieth akapanda juu yake, vumbi jekundu mpaka magotini. Mnara mmoja wa mtandao. Miwili. Alimpigia Mrakibu Deogratias.

"Afande, umefungua simu?"

"Kidole tu, Herieth. Wamemshika mkono vijana wawili, kikabandikwa, kazi kwisha. Tulikuwa tunangoja nini?"

"Tulikubaliana niwepo!"

"Nimekupatia mtoto, unanifokea?"

"Umemwambia nani alipo?"

"Baba yake. Mzazi ana haki."

"Baba yake ndiye aliyemfungia! Anamwoza Ijumaa, mkwe mwenyewe ninaye hapa kwenye pingu. Mtoto alikuwa amejificha, afande, na sisi tumemwonyesha mahali. Tuma gari Mbwawa sasa hivi."

"Magari yote yako Barabara ya Morogoro. Kuna msafara unapita."

Herieth alikata. Alitaka kuitupa simu porini. Badala yake akampigia Konstebo Evaline.

"Mpe Hajra simu yako. Usiulize, mpe."

Alisikia hatua, komeo la mahabusu, pumzi.

"Mmenishika kama mbuzi wa kuchinja," Hajra alisema. "Mmoja kanikalia bega."

"Nimesikia. Baba yake yuko njiani kwenda Mbwawa. Nipe namba ya Redempta."

"Ili na yake muifungue?"

"Hajra, sina muda."

"Mimi nilikuwa nao? Mara ya kwanza Swaumu alipokimbilia kwangu, nilimwambia kiongozi wa kijiji chao. Nikasema huyu ni mkubwa, atamlinda. Jioni ile baba mtu alikuwa mlangoni kwangu na panga. Ndiyo maana nilinyamaza. Wewe nikakuomba uende ukaone mwenyewe. Ukaenda. Lakini simu yangu ukawaachia."

"Niliwaachia."

"Sema tena."

"Niliwaachia, Hajra. Nilikasirika na nilikosea. Sasa nina mkwe wake kwenye pingu, na siwezi kufika kabla ya bodaboda. Wewe unaweza. Nipe namba."

Upepo ulipita kwenye mikorosho. Halafu Hajra akaitaja namba, tarakimu kwa tarakimu, kwa kichwa.

Redempta alipokea baada ya mlio wa kwanza.

"Mama, mimi ni polisi. Namba yako nimepewa na Hajra. Swaumu yupo hapo?"

"Simjui Swaumu."

"Vizuri sana. Basi huyo usiyemjua mtoe kwa mlango wa nyuma sasa hivi. Baba yake anakuja na bodaboda, na ameagiza kamba. Usiniambie mnakwenda wapi."

Alisikia sufuria ikianguka, mlango, halafu laini ikakatika.

*

Walipofika Mbwawa walimkuta Mzee Saburi peke yake kwenye sebule ya watu, panga la mwenye nyumba mkononi, amepasua kabati la vyombo. Nyumba ilikuwa tupu. Chai ilikuwa mezani, nusu kikombe.

"Si mmefungua simu?" alimfokea Herieth. "Niambieni yuko wapi! Ni mwanangu!"

"Weka panga chini, mzee."

"Unajua nilivyomlea?"

"Nimeona dirisha ulilompigilia. Weka panga chini."

Sadick alimtia pingu, akamkalisha kwenye gari kando ya mkwewe. Safari nzima wale wawili hawakutazamana.

Karibu na Maili Moja ujumbe uliingia kwenye simu ya Herieth, kutoka namba ya Redempta. Hakuomba kujua, lakini mama wa watu alikuwa ameandika hata hivyo: walipo, nani yuko nao, na kwamba mtoto amekula. Herieth aliusoma mara moja, akaifungia simu kwenye mfuko wa shati.

Kituoni, Sadick alipokwisha kuwaingiza wale wawili mahabusu, Evaline alimpokea Herieth nje, macho mekundu.

"Wameisoma yote, afande. Hapa kaunta. Wanasoma kwa sauti, wanacheka. Dereva wa gari la pili akaona jina la mkewe. Ameondoka bila kuaga mtu."

"Sadick!" Herieth alisema. "Mfuate. Usimwache na mke wake peke yake."

Sadick alikwishawasha gari.

Mrakibu Deogratias alikuwa amesimama ofisini. Simu ya Hajra ilikuwa mezani imeunganishwa na kompyuta, inanyonywa.

"Kazi nzuri," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

"Salama."

"Nimeuliza wapi."

"Kesho nitampeleka ustawi wa jamii mimi mwenyewe, yeye na Hajra. Wale wawili wafunguliwe kesi ya kupanga ndoa ya mwanafunzi, na yule baba aongezewe ya taarifa ya uongo. Naomba chomoa hiyo simu, afande. Kilichonakiliwa kifutwe. Mtu ameshaondoka hapa kwenda kumpiga mkewe."

"Huo ni ushahidi, haufutwi. Na mtoto ni wa kesi yangu. Kwa nini mpelelezi wangu anajua alipo na mimi sijui?"

"Kwa sababu ulipojua asubuhi, baba yake alijua kabla yangu."

Uso wa Mrakibu ulikaza. Alitazama mfuko wa shati la Herieth, ulipokuwa unawaka mwanga hafifu.

"Amekuandikia, sivyo? Lete simu."

Humo kulikuwa na picha za mwanawe akioga kwenye beseni. Kulikuwa na picha ya titi lake lililovimba, aliyompigia dada yake ili aulize dawa. Kulikuwa na jina la mtaa mmoja na nyumba moja ambamo msichana wa kidato cha pili alikuwa amekula na labda sasa anasinzia.

"Sileti, afande."

"Unakataa amri?"

"Nyingine zote nazitii. Ya kufungua simu nakataa."

"Konstebo!" Mrakibu aliita. "Evaline! Njoo umshike mkono huyu."

Evaline aliingia. Akapiga saluti, akasimama wima, vidole vikabana mshono wa suruali.

Hakusogea.

"Umesikia?"

"Nimesikia, afande," Evaline alisema, na akabaki palepale.

Herieth alitoa simu mfukoni. Simu ya namna hiyo ikizimwa kabisa, ikiwashwa haikubali kidole cha mtu, wala cha kushikwa wala cha hiari, mpaka namba za siri ziandikwe. Alibonyeza kitufe cha pembeni, akakishikilia, huku akimtazama mkubwa wake machoni, mpaka kioo kikawa cheusi.

"Sasa niandikie mashtaka yangu," alisema. "Nasubiri hapa."